Namba ya Kidoleni

Wateja walimwita Nesi, na alishachoka kuwakatalia. Kazi yake ilikuwa kuwalaza watu wazima, wazima wa afya, kwenye viti vya kuegemea, kuwatia mpira wa oksijeni puani na kuwaambia, "Vuta taratibu, shusha taratibu." Nusu saa baadaye wanaamka wakidai wamezaliwa upya. Haya! Mtu kakesha kwenye sherehe, kaja kusinzia kitini, sasa anaishukuru mashine.

Hayo yasingemkera kama si mjomba wake. Mjomba ni seremala, ndiye aliyemlea na kumsomesha kwa randa na msumeno, na miaka arobaini ya vumbi la mbao imemkaa kifuani. Alipoanza kukohoa hadi kushika ukuta, Nesi alimbembeleza aje apumzike pale kazini kiti kikiwa wazi. Hapo ndipo alipojipalia makaa.

Utaratibu wa bosi ni huu: kile kibano cha kidoleni kinachopima oksijeni mwilini huvalishwa mwishoni tu, mpira ukiwa bado puani. Namba inatoka tisini na saba, tisini na nane, mteja anatabasamu. Mjomba naye aliona tisini na saba. Tangu siku hiyo, ukimtajia hospitali, anakuinulia kidole.

"Hospitali nikafanye nini? Hiki kimeshasema."

"Mjomba, hiyo namba ni ya mashine, si yako!"

"Mashine yenyewe si nimevaa mimi?"

Mwezi mzima wimbo ni huohuo. Nesi kasema, kabembeleza, kalia. Wapi! Sikio la kufa halisikii dawa. Mzee akitoka kitini anarudi moja kwa moja kwenye msumeno wake.

Jumanne moja uvumilivu ukamwishia. Mjomba alipomaliza nusu saa yake na kunyoosha kidole mwenyewe, Nesi alimvalisha kibano, kisha akamvua mpira, akavuta stuli na kukaa mbele yake.

"Sasa tunafanya nini?"

"Tunasubiri."

Tisini na sita. Tisini na mbili. Mteja wa kiti cha pili akafumbua jicho moja. Themanini na tisa. Ilipofika themanini na tano, ikaganda hapo.

"Kimeharibika hiki," mjomba alisema.

Nesi akakivaa yeye. Tisini na nane. Akamrudishia mjomba. Themanini na tano.

Mjomba aliitazama ile namba kama anavyotazama ubao alioukata mfupi.

"Naijua hiyo," alisema mwishowe. "Nilishakwenda hospitali kabla hujanileta hapa. Walinipa hiyohiyo. Wakasema nifunge karakana, nimeze dawa. Halafu wewe, mwanangu, ukanionyesha tisini na saba. Ungekuwa mimi ungeamini ipi?"

Hasira zilimpanda Nesi, zikakosa pa kwenda, maana nusu yake ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe.

"Na dawa ziko wapi?"

"Kabatini."

"Basi kiti hiki hukikalii tena!"

"Unanifukuza? Mimi?"

"Wewe, ndiyo! Kanune huko huko nje!"

Maneno yalishatoka. Mjomba akavaa viatu bila kufunga kamba, akaondoka hajaaga. Chumba kile kiko chini ya duka, na kutoka ni lazima upande ngazi kumi na mbili. Kwenye ya tano alisimama, akashika ukuta, akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Nesi alimwangalia kutoka mlangoni, akingoja apande. Hakupanda. Mabega tu ndiyo yaliyokuwa yakipanda na kushuka.

Akamwacha mteja na mpira wake, akakimbia akamshika kwapani.

"Tunapitia dawa nyumbani, halafu hospitali."

"Nina meza ya watu," mjomba alisema akihema. "Nimewaahidi leo."

"Watakula sakafuni," Nesi alisema, akamwinua hadi ngazi ya sita.