Wiki za Kipindupindu Nyumbani kwa Shangazi

Mwaka ule wa korona, shule zilipofungwa na watoto wangu wakashinda ndani wakigombania rimoti, mdogo wao alisema, "Mama, nyumba hii imekuwa jela." Nilimkata jicho mpaka akanyamaza. Baadaye mume wangu aliniuliza mtoto kakosa nini. Hakukosa kitu. Nilikuwa nimemkasirikia mtu mwingine, ambaye ameshazikwa, na wewe rafiki yangu nikikueleza utaona kwamba hasira yenyewe haijapoa, na wala siombi ipoe.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, nasoma darasa la tano hapa hapa Songea, naishi Msamala kwa shangazi yangu. Baba alinitoa kwetu Nalasi, kwenye mikorosho, kwa sababu shule ya mjini ilikuwa na walimu wa kutosha na dada yake alikuwa na nyumba ya bati. Shangazi hakujaliwa mtoto. Mume wake alikuwa dereva wa lori, leo yuko Makambako, kesho Mbeya, na akirudi analala siku mbili anaondoka. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa sabuni za kunukia, mitumba ilimwagwa chini sokoni, na kila mwenye nguvu alitafuta cha kuuza. Shangazi aliuza vitumbua na togwa karibu na stendi. Sitamnyima haki yake: vitumbua vile sijavila tena popote. Asubuhi niliamka na harufu ya iliki na mafuta ya moto, mvua inapiga bati, na kwa dakika chache kabla hajaniita nilikuwa mtoto mwenye raha.

Januari ile nilirudi kutoka likizo kwetu Nalasi juu ya lori la mizigo, siku tatu kwenye matope ya barabara ya Tunduru, nimekumbatia mfuko wa korosho alizobangua bibi kwa mkono wake. Siku chache baada ya kufika kwangu, baba mmoja wa nyumba ya mbele yetu aliharisha asubuhi, na jioni akafa. Mtaa mzima ukajua ni nini.

Kesho yake bwana afya alipita na ndoo ya chokaa. Shule zimefungwa, alisema. Hakuna kutembeleana, hakuna kuuza chakula, kila mtu akae kwake. Akaenda moja kwa moja kwenye ndoo za togwa za shangazi, akazimwaga mferejini mwenyewe. Shangazi hakumbishia. Alisimama akitazama togwa ikiteremka na maji ya mvua, halafu akageuka kunitazama mimi.

"Umekuja nao wewe," alisema.

Nilidhani anaulizia mfuko wa korosho. "Ndiyo shangazi, uko ndani."

"Ugonjwa. Umekuja nao kutoka kwenu."

Kwenu. Kana kwamba yeye hakuzaliwa Nalasi, nyumba moja na baba yangu.

Kuanzia siku hiyo nilipewa kikombe changu, sahani yangu na kopo langu la maji, vikawekwa nje juu ya tofali. Kitanda changu kilikuwa sebuleni. Nikahamishiwa stoo, kwenye magunia ya mahindi, ambako panya walinipita miguuni. Nilikula nimesimama mlangoni mwa jiko. Lakini kazi haikutengwa. Nilichota maji, nikayachemsha, nikamwaga majivu chooni, nikafua. Mikono yangu ilikuwa michafu kwa kula. Kwa kufua kanga zake ilikuwa safi.

Ule mfuko wa korosho aliushika kwa kijiti, mbali na mwili wake, akautumbukiza chooni. Nilisikia ulivyotua. Bibi yangu alikuwa na vidole vilivyoungua utomvu wa maganda ya korosho, vyeusi kwenye ncha, na mimi nilivifikiria vidole vile siku nzima.

Siku zilikuwa ndefu. Gari la matangazo lilipita likituambia tuchemshe maji, tunawe mikono. Tulikula ugali na maharage, siku nyingine na majani ya maboga ambayo mama jirani aliyaita likolo. Mama huyo alikuwa Mngoni, mtu wa kanisani, anasali rozari barazani kwake saa zile zile kila siku. Ua wetu na wake ulikuwa wa majani marefu ya mabingobingo, mnaonana. Siku moja aliniona nakula nimesimama mvuani.

"Mama, mtoto ana kosa gani?" alimuuliza shangazi. "Ugonjwa huu umeanza kabla hajaja. Hata kule sokoni ulikuwepo."

"Basi mchukue ukae naye wewe."

Mama jirani aliinua kiti chake, akaingia ndani. Huruma yake iliishia kwenye ua. Na yeye simsahau.

Wiki ya tatu, kulipokucha, nilisikia ndoo ikianguka uani. Nilimkuta shangazi amekaa chini, ameegemea ukuta wa choo, kanga imelowa, uso umeingia ndani kama wa mtu mwingine. Alijaribu kusimama, miguu ikakakamaa. Kusema kweli, jambo la kwanza lililonijia halikuwa huruma. Nilimtazama. Nikafikiri, sasa je, nani kamletea nani?

Halafu akatapika, maji matupu kama ya kuoshea mchele, nikaogopa.

Shuleni mwalimu alitufundisha maji ya sukari na chumvi, tukaimba vipimo vyake mpaka vikatuganda kichwani. Nilichukua maji yaliyochemshwa, nikapima, nikakoroga. Kikombe kilichokuwa karibu kilikuwa changu. Akakitazama, akafumba macho, akanywa. Akatapika, nikampa tena, kidogo kidogo kwa kijiko. Nilikimbilia kwenye ua nikamwita mama jirani. Hakuvuka, lakini alivaa viatu akaenda kumtafuta bwana afya, hilo nalo nalisema. Gari lilikuja alasiri. Saa zote hizo tulikuwa wawili. Nilimvua nguo, nikamwosha, nikambadilisha kanga, akachafua, nikamwosha tena. Alikuwa mnene shangazi yangu, nilimgeuza kwa kusukuma kwa bega. Mara moja tu alisema kitu.

"Usimwambie mtu umeniona hivi."

"Sitamwambia, shangazi."

Walimchukua kwenye machela, wakapulizia dawa nyumba nzima, wakaniacha. Nilikaa peke yangu siku sita. Mama jirani aliniwekea chakula chini ya mabingobingo, akirudi nyuma kabla sijafika. Nilifagia uwanja kila siku. Nilichemsha maji ambayo hakuna aliyeyanywa ila mimi. Siku ile alipoletwa nilikuwa nimepika uji wa mtama, na moyoni nilikuwa nimeshatunga maneno atakayoniambia.

Alishuka amekonda, anashika ukuta. "Shikamoo shangazi," nilisema. "Alhamdulillahi, umerudi."

Aliitikia, akaingia jikoni. Nilisikia akifungua makopo.

"Sukari yangu umeila yote?"

Sukari ilikuwa imeishia kwenye maji niliyomnywesha. Nilikuwa na jibu, lakini lilikuwa ndilo lile alilonikataza kulisema. Tangu siku hiyo hakuweza kunitazama machoni. Nikiingia anatoka, nikimpa maji anasema weka hapo. Masika ilipokatika na barabara ikapitika, alinipakia kwenye lori la dereva mwenzake na mume wake, na barua kwa baba. Ndani aliandika kwamba mimi ni mdokozi na mkaidi. Baba aliisoma chini ya mkorosho, akaikunja.

"Umemfanyia nini dada yangu?" aliniuliza.

Nilikuwa nimeahidi. Nikapoteza mwaka wa shule, nikarudia darasa Nalasi, tukiwa tisini chumba kimoja.

Nimeolewa hapa hapa Songea, siku hizi napita Msamala nikienda sokoni. Nyumba ile imebomolewa, pamejengwa fremu za maduka. Mabingobingo yameng'olewa, kuna ukuta wenye vipande vya chupa juu. Watu wa umri wangu wanasema wanayakumbuka maisha ya zamani, watu walivyopendana. Huwa nawaacha waseme.

Miaka mingi baadaye, harusini kwa binti wa ndugu yetu, nilikuwa nagawa pilau, shangazi ameketi mkekani na wanawake wenzake. Mmoja akataja kipindupindu cha miaka ile. Shangazi alijitengeneza ushungi.

"Mimi kilinipata," alisema. "Nilijiuguza mwenyewe. Nyumba nzima sikuwa na mtu."

Nilikuwa nimeinama mbele yake na sinia. Alichukua sahani yake mkononi mwangu, akasema ahsante, akaendelea na hadithi. Nikasogea kwa mwingine.

Alikufa mwaka uliofuata. Nilimwosha tena, safari hii pamoja na wanawake wengine, na nilijua wapi pa kushika ili kumgeuza. Hakuna aliyeniuliza nimejuaje.