Imprimante Iliyonitii Kupita Kiasi

Sisi tuliokua kabla ya telefone kuingia Kasongo, karatasi iliyochapishwa tuliijua kwa jasho. Baba alikuwa katibu wa shule ya msingi, na msimu wa mitihani ulipofika alitupeleka mimi na dada yangu mkubwa, Yaya Zaina, kumsaidia. Alipiga maswali juu ya karatasi ya nta kwa mashini ya kuandika, ta-ta-ta, kisha karatasi hiyo ikawekwa kwenye ronewo, mashini ya kutoa nakala, nasi tukazungusha mkono wake kwa zamu. Tulirudi nyumbani na wino hadi masikioni, tukala muhogo na karanga kwa vidole vyeusi, na watoto wa jirani wakatuonea wivu kana kwamba tumetoka Ulaya.

Siku moja nikajifanya fundi. Nikauzungusha mkono kinyume, kwa nguvu zangu zote, ili Yaya aone nani mwanaume. Karatasi ya nta ikapasuka katikati, na mtihani wa hesabu wa darasa la sita ukaishia hapo. Baba hakunipiga. Aliketi, akaanza kupiga maswali upya, akasema bila kuinua macho, "Weye, mikono yako inatangulia akili."

Nilidhani ukubwa umeniponya. Niliponunua imprimante yangu mwenyewe, mashini ya kuchapisha kutoka kwenye kompyuta, niliwatangazia ndugu wote kwamba sitapanga mstari tena kwa wachapishaji wa sokoni. Basi asubuhi moja binti yangu Furaha akahitaji barua ya kuomba nafasi katika chuo cha wauguzi kule Kindu. Siku za kupokea maombi zilikuwa zinakwisha, na Saidi, mwenye pikipiki aliyekuwa anasafiri huko, alishafika mlangoni kuchukua bahasha.

"Papa, tuitume tu kwa telefone," Furaha akasema. Vijana wetu hawa! Wangeweza, hata sahani ya ugali wangeipitisha kwenye telefone. Chuo kilitaka karatasi, tena yenye sahihi ya wino.

Nikabonyeza kompyuta ichapishe. Kimya. Nikabonyeza tena. Nikachomoa waya, nikaupuliza, nikauchomeka kwenye tundu lingine. Nikazima kompyuta, nikaiwasha. Nikailaumu betri ya sola, nikamlaumu aliyeniuzia, mwisho nikaipiga imprimante kofi mgongoni kama mtu aliyepaliwa. Na kila baada ya jaribio, nikabonyeza.

Saidi akachungulia dirishani. "Papa Furaha, njia iko na matope mingi. Nikikawia, sitafika leo."

"Dakika mbili," nikamjibu, kwa mara ya nne.

Furaha alikuwa ameshika bahasha tupu. Hapo ndipo jasho liliponitoka kweli.

Yaya Zaina, ambaye sasa ni bibi wa wajukuu saba, alikuwa amepita kutuletea sombe, mboga ya majani ya muhogo. Akavaa miwani yake, akainama nyuma ya bega langu, akasoma polepole maneno ya Kifaransa kwenye kioo cha kompyuta.

"*Hors connexion*. Si maana yake haijaunganishwa?"

"Yaya, hayo ni maneno ya mashini. Achana nayo."

"Na hii alama mbele yake, nani aliitia?"

Nikakumbuka. Juma lililopita nilikuwa nimebonyeza kila kitu ili kumwonyesha mgeni utaalamu wangu. Mimi mwenyewe ndiye niliyeiamuru kompyuta isiseme na imprimante, nayo ikatii.

Nikaiondoa alama. Mashini ikakohoa, ikatoa barua. Kisha ya pili. Kisha ya tatu. Kila nilipobonyeza ilikuwa imeweka hesabu: barua kumi na nne, zote za Furaha, zikatapakaa sakafuni. Saidi alicheka hadi akaegemea ukuta. Furaha akatia sahihi kwenye moja, bahasha ikaondoka, na baada ya majuma machache chuo kikampokea.

Zamani mashini ya shule ikigoma, mwalimu mmoja alileta mafuta, mwingine bisibisi, na mlinzi alitoa ushauri asioombwa. Ukikosea, ulikuwa na watu wa kukucheka. Leo kila mtu ana mashini yake chumbani, anakosea peke yake. Siku ile Yaya alibaki kwangu hadi adhuhuri, akinicheka na kuniita jina langu la utotoni. Wa kuniita hivyo amebaki yeye tu.