Kijitabu Kilichonadiwa Mara Nne

Nilitoa nakala kumi kwenye duka la steshenari karibu na shule. Kurasa kumi na nane, pini mbili katikati, jalada la karatasi ngumu ya bluu. Ni habari za dada yangu, aliyefariki nikiwa kidato cha kwanza. Nyumbani hatumtaji. Nikaona kwamba watu wakimsoma atakuwa bado yupo mahali. Nilitaka hilo tu.

Lakini mimi kuongea mbele za watu siwezi. Mwalimu akiniita tu natoka jasho. Kwa hiyo nilijitangaza kiwoga. Nakala tano niliziacha kwenye madawati ya wenzangu wa kidato cha tatu. Wote wakasema, "Nitasoma wikiendi." Wikiendi zikapita tatu. Nikaweka picha ya jalada kwenye status, nikapata mioyo na makofi mengi, ila hakuna aliyeuliza ndani kuna nini.

Ndipo nikaufikiria mnada. Kanisani kwetu hapa Area D, asiye na fedha huleta sadaka ya alichonacho, kuku, mayai, uwele, na baada ya ibada vinanadiwa pale nje. Pale watu wote hutazama kitu kimoja, na aliyekileta halazimiki kusema neno. Jumapili ile nikakiweka kijitabu kimoja kwenye kapu, juu ya mayai.

Mzee wa kanisa anayenadi ana maneno. Alikiinua juu.

"Hiki hakitagi, wala hakiliwi na ugali! Lakini kimetungwa na binti yetu, yule pale anajificha nyuma ya nguzo. Nani anaanza?"

Watu wakacheka, wakageuka. Mimi nikatazama viatu.

Baba mmoja alikinunua, akasema, "Namzawadia mchungaji!" Vigelegele. Mchungaji akakishika kidogo, akasema, "Nami nakirudisha, kinadiwe tena." Ndivyo tunavyofanya hata kwa jogoo mzuri. Atauzwa na kurudishwa mpaka achoke mwenyewe. Nimekulia kwenye minada hiyo na bado sikuwaza kwamba kijitabu nacho kitazungushwa hivyo.

Kikanadiwa mara ya pili, kikarudishwa. Ya tatu, kikarudishwa. Kila kilipobadili mkono nilikodoa macho nione kama kuna atakayekifungua. Mmoja alikipunga hewani. Mwingine alijipepea nacho, jua lilikuwa kali. Mara ya nne akakinunua mama mchungaji.

"Hiki nampa mama wa mtunzi! Mama, simama!"

Mama hakuwa anajua chochote. Alisimama anatabasamu, akakipokea kwa mikono miwili, halafu akaona jalada. Nilikuwa nimeandika jina la dada kwa herufi kubwa. Tabasamu halikumtoka, ila macho yalikuwa yameshaondoka. Akakisokomeza ndani ya khanga.

Tukashika njia ya nyumbani, yeye mbele. Yule mzee aliyenadi akatupita na baiskeli yake, akapunguza mwendo.

"Mtunzi! Kitabu chako leo kimeshinda hata mbuzi!"

"Shikamoo, mzee. Kwani umekisoma?"

"Marahaba. Aa, mwanangu, mimi nanadi. Kusoma nisome saa ngapi?" Akacheka, akaenda zake.

Jioni nilimkuta mama jikoni anachambua mlenda. Kijitabu kilikuwa kwenye kigoda pembeni yake, hakijafunguliwa.

"Mama, utakisoma?"

"Siwezi."

Nikakaa chini, nikaanza kumsaidia. Nilidhani atanigombeza kwa kulitembeza jina la mwanawe kwenye mnada. Hakunigombeza. Aliuliza, bila kuniangalia:

"Umeandika ya hospitali?"

"Kidogo."

"Na kicheko chake? Umekiandika?"

"Nimekiandika, mama."

"Basi. Vizuri." Akajifuta macho kwa kiwiko maana vidole vilikuwa na utelezi wa mlenda. "Kama kipo humo, basi. Siku nikiweza nitakitafuta."

Kweli nimekiandika, sikumdanganya. Kiko ukurasa wa kumi na moja. Lakini ni mistari miwili tu, ya kusema kwamba alikuwa anacheka sana na majirani walikuwa wanasikia. Nilikaa na kalamu siku mbili pale, nikashindwa kuendelea, kwa sababu sauti yenyewe nilikuwa nimeshaanza kuisahau. Mama sikumwambia.