Madoa ya Giaboksi

Nimeukunjua mkeka wa marehemu bibi, na harufu ya oili imenipanda puani, ya zamani lakini bado kali.

Juu ya mkeka huu, uani kwetu Mikindani, baba aliifungua giaboksi ya gari lake kuukuu la mbio, ambalo kesho yake dada angepelekwa nalo harusini. Alizitoa gia moja moja, akakagua meno yake, akazilaza kama zilivyofuatana, kisha akaenda kuswali. Bibi, aliyekuwa akiosha masufuria ya pilau, akazisugua nazo kwa sabuni na majivu, akazipandanisha, kubwa chini, ndogo juu.

Baba aliporudi alishika kichwa. "Mama, wallahi umenimaliza! Sasa nitajuaje ipi inafuata ipi?"

"Nimekumaliza kwa lipi? Zilikuwa chafu." Bibi aliuinamia mkeka. "Na madoa haya je? Si kila moja imeacha lake?"

Baba alipiga magoti. Akairudisha kila gia juu ya doa lake, na zote zikaenea. Kesho yake gari liliondoka bila kukwaruza hata gia moja, dada akicheka dirishani.

Binti yangu ameniletea ndoo na sabuni niyaoshe madoa. Nimeukalia mkeka.