Safari ya Faza kwa Ajili ya Kiungulia

Niliondoka Amu kwa sababu ya kiungulia. Mwaka mzima kifua kiliniwaka kila baada ya kula, nami kila kilipowaka nilikunywa maji ya magadi. Mwanzo kikombe kimoja kilitosha kutwa. Mwisho nilikunywa mara sita, na mkono wangu wa kuchongea milango ukaanza kutetemeka. Marehemu baba alianza hivyo hivyo, akaishia kutapika damu. Mke wangu, Bi Khadija, akaniambia niende Faza kwa Bi Mwanasha, mjane wa mchinjaji, anayetibu matumbo.

Asubuhi, maji yalipojaa, mashua ilipita mkondo wa Mkanda. Nilijilaza juu ya magunia ya mtama, uchachu ukanipanda hadi kooni. Nilipoketi ukashuka.

Adhuhuri tulifika Faza. Bi Mwanasha nilimkuta uani akisafisha matumbo ya mbuzi wa akika ya mtoto mchanga.

"Magadi wayanywa mara ngapi kwa siku?" aliniuliza baada ya salamu.

"Sita, Bi."

Akachukua kitambaa kilichotiwa rangi ya bizari ya manjano, akakilowesha maji ya magadi. Kikawa chekundu. Akadondosha juu yake maji ya tumbo la mbuzi. Pale yalipoangukia rangi ya manjano ikarudi. Kando akadondosha maji ya utumbo wa chini. Wekundu ukabaki.

"Waona? Tumboni mna ukali kama wa ndimu, ndio ulainishao nyama. Chakula kikiteremka, nyongo na maji ya utumbo huupoza. Wewe wauzima kabla haujafanya kazi, na tumbo latoa mwingine."

"Mbona basi ukali huo waniunguza?"

"Wapanda kifuani, ndia isiyo yake. Wewe wala ukashiba, kisha walala."

Nilikaa kwake siku tano. Alinikataza magadi, pilipili na tambuu, akanipa chakula kidogo kidogo na kunikalisha wima mpaka kishuke. Siku mbili za mwanzo moto ulizidi. Nilimwomba magadi, japo chembe.

"Kama ni magadi, rudi kwenu," alisema.

Sikurudi. Siku ya nne mkono ulitulia. Siku ya tano nilikula wali kwa samaki, nikangoja kuungua. Sikuungua.

Niliporejea Amu, Bi Khadija alitazama mikono yangu mitupu.

"Dawa i wapi?"

"Sikupewa."

Nikamweleza yote. Nilikwenda Faza nikidhani tumbo langu limeharibika kama la baba. Kumbe lilikuwa likifanya kazi yake, na aliyekuwa akiliharibia ni mimi.