Mama Aliyekataa Kutia Sahihi

Simu ya Jumanne asubuhi ilinikuta nikiwa kwenye foleni ya kununua mbegu za viazi mjini Meru. Aliyepiga alikuwa mkandarasi mmoja ninayemfahamu, mtu mwenye sauti kubwa ya kushindana na mashine za kuchanganya zege, lakini siku hiyo ilibidi nimwombe arudie maneno yake. "Yule mama wa Kanja ametuacha," akasema. "Alianguka shambani kwake. Walimfikisha hospitali akiwa ameshakwenda." Kisha nikamsikia akilia, nami nikatoka kwenye foleni nikaenda kuketi kwenye ngazi za duka.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba safu hii haina mazoea ya kuomboleza. Leo mnivumilie, maana sidhani kuna gazeti lingine litakalomtaja mama huyu. Kazi yake ilikuwa kukagua majengo yaliyokamilika kabla wenyewe hawajakabidhiwa, na kutafuta kasoro ambazo sisi wengine tunazipita tukisifia rangi. Mwenye jengo na mkandarasi wakikosana, aliitwa yeye awasikilize. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini na kitu, mwenyeji wa kijiji cha Kanja kule Embu, mwenye viatu vya raba, sweta la kufuma, na mkoba wa kitambaa wenye nyundo ndogo, tindo, tochi na daftari. Alianza akiwa kibarua wa kubeba kokoto mjini Embu, akaingia chuo cha ufundi akiwa tayari mama wa watoto watatu, na aliniambia kwamba darasani walimu walidhani amekuja kufagia.

Tulikutana zaidi ya miaka kumi iliyopita, nilipokuwa katibu wa bodi ya shule moja ya bweni ya wasichana huku kwetu. Tulikuwa tumejenga bweni jipya la ghorofa. Rangi ilikuwa imekauka, vitanda vimeingizwa, na wageni wamealikwa kwa ufunguzi wa Jumamosi. Binti yangu, aliyekuwa kidato cha pili, alikuwa ameshajichagulia kitanda karibu na dirisha. Kilichobaki ni sahihi ya mkaguzi, kwa hiyo mama huyu akaletwa siku ya Jumatano, nami nikatumwa nimtembeze. Nilidhani tungemaliza kwa nusu saa.

Alichukua siku nzima. Aligonga kila ukuta kwa nyundo yake, sikio likiwa karibu na plasta, kama daktari anayesikiliza kifua. Alifungua mabomba yote kwa pamoja, akashuka mbio kutazama maji yanakoelekea. Alasiri tukafika kwenye roshani, ile veranda ya juu inayotokeza nje bila nguzo, mahali ambapo wasichana wangesimama wakianika nguo na kupiga gumzo. Hapo akapiga magoti. Pale roshani ilipoungana na ukuta palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, ulionyooka kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Aliupitishia ukucha polepole, kisha akasema, "Niitie kontrakta."

Mkandarasi alikuja akitabasamu. "Madam, hiyo ni simiti ya juu tu, imekaushwa na hili jua. Fundi atapaka kitu kidogo, kesho hutauona."

"Labda," mama akajibu. "Acha nichimbe kidogo nihakikishe."

"Uchimbe? Sakafu ni mpya! Wageni wanakuja Jumamosi!"

Nami, Mungu anisamehe, nilimuunga mkono. Nilisema watu wa Embu wanapenda sana kutuchelewesha sisi Wameru. Nilisema nikicheka, lakini sikuwa natania. Mama alinitazama bila hasira. "Una mtoto katika shule hii?"

"Ninaye. Msichana."

"Basi chuchumaa hapa unishikie tochi."

Alichimba mwenyewe, taratibu, akipuliza vumbi. Alinieleza kwa maneno mepesi kabisa. "Nyoosha mkono, halafu uwekewe ndoo ya maji kiganjani. Utaumia wapi? Hapa juu ya bega. Roshani ni mkono ulionyooshwa. Vyuma vyake vinatakiwa kulala juu, hapa panapovutwa." Akachimba mpaka kina ambapo tungepaswa kukuta chuma. Hakikuwepo. Akaendelea, na kidole chake chote kikazama katika lile shimo kabla hajagusa chuma, kikiwa kimelala chini kabisa, mahali ambapo hakishiki chochote. Hakusema nini kingetokea siku ambayo wasichana hamsini wangesimama pale kutazama mechi. Hakuhitaji kusema.

Mkandarasi aliinama akachungulia, kisha akaketi sakafuni na suruali yake safi. "Siku ya kumwaga zege ulikuwa wapi?" mama akamuuliza.

"Kwetu Tigania. Nikimzika baba yangu. Nilimwachia msimamizi. Lazima watu walivikanyaga vyuma wakipita na mikokoteni, vikashuka chini."

"Pole sana kwa baba," mama akasema, na akamshika bega. "Lakini mimi siwezi kutia sahihi."

Ijumaa bodi ilikutana kwa hasira. Wengi walitaka mkandarasi afukuzwe na apelekwe mahakamani. Yeye akajitetea kwamba aliomba kazi isimame wiki moja ili azike, tukakataa. Tukapiga kelele kwamba anatafuta kisingizio. Mama wa Kanja alisikiliza kila mtu hadi mwisho, akiandika katika daftari lake. Kisha akamwomba mkandarasi barua aliyojibiwa, akaninyooshea. "Katibu, tusomee."

Nilisimama nikasoma. Ilisema kwamba bodi inampa pole kwa msiba, lakini ratiba haiwezi kubadilishwa. Barua hiyo niliiandika mimi mwenyewe. Nilikuwa nimeisahau. Kusoma maneno yako mbele ya mtu uliyemnyima siku za kumzika baba yake ni jambo nisilomtakia adui.

"Kosa la vyuma ni lako, kontrakta," mama akasema. "Jengo ni lako hata ukiwa matangani. Kosa la haraka ni la bodi. Sasa wale watakaolala humo wana kosa gani?" Akapendekeza roshani ivunjwe na ijengwe upya, hafla ifutwe, na kazi aifanye mkandarasi yule yule, yeye akisimama pale kila siku. Mjumbe mmoja akauliza kwa nini tumrudishie kazi mtu aliyeiharibu.

"Kwa sababu kuanzia leo," mama akajibu, "hakuna mtu katika Meru nzima atakayelaza vyuma kwa makini kama huyu."

Ikawa hivyo. Siku ya kumwaga zege mkandarasi alitandika mbao na kuwaonyesha vibarua pa kukanyaga, hatua kwa hatua. Nilikwenda kwake nikamwomba msamaha, naye akanipokea; ndiye aliyenipigia simu ile ya Jumanne. Binti yangu alilala katika bweni hilo hadi alipomaliza shule, na mara nyingi nimewaona wasichana wamejaa kwenye roshani hiyo wakiimba, wasijue kitu.

Baada ya hapo tukawa marafiki, mimi na mama huyo. Jumapili moja baada ya ibada alinipigia simu akaniomba nimfikishe upande wa Muthara. Njiani akanieleza kwamba miezi michache nyuma alikagua darasa la chekechea lililojengwa na waumini wa kanisa moja dogo huko. Siku hiyo goti lilikuwa linamsumbua. Fundi alimwambia paa limefungwa vizuri, naye akamwamini, akatia sahihi bila kupanda ngazi. Hakuna aliyelalamika. Hakuna bati lililokuwa limetikisika.

Tulipofika aliomba ngazi, akapanda akisaga meno kwa maumivu, akapotea darini. Aliposhuka alikuwa na utando wa buibui kwenye kitambaa cha kichwa. Mbao za upande mmoja wa paa zilikuwa zimekalishwa tu juu ya ukuta, hazikufungwa kwa waya wala chuma. Akawaita wazee wa kanisa, akasimama mbele yao kama mtoto aliyeitwa ofisini. "Mimi ndiye niliyewaambia jengo hili liko sawa. Nilikosea. Watoto wasiingie kesho mpaka lifungwe."

Mzee mmoja alimwonea huruma. "Lakini mama, si hakuna mtu aliyejua?"

"Mimi nilijua kwamba sikupanda."

Nimeishi kwa kuandika makosa ya watu wengine, na sijawahi kujiona mdogo kama nilivyojiona mchana ule. Tangu Embu hadi Maua ghorofa zinachipuka kila mwezi, nasi tunasimama barabarani kusifia vioo na vigae. Humo ndani kuna sahihi nyingi za watu walioambiwa kwamba kila kitu kiko sawa, wakaamini kwa sababu siku ilikuwa imekwisha au wageni walikuwa wanakuja. Nami nimetia sahihi zangu za namna hiyo, na si kwenye majengo tu.

Tulimzika kwao Kanja, kukiwa na manyunyu. Walikuja mafundi wengi sana, na nusu yao aliwahi kuwakatalia kazi. Baada ya mazishi binti yake mkubwa alinivuta kando. "Mama alikuwa anatoka asubuhi, anarudi na vumbi," akasema. "Hakuwa msemaji. Nionyeshe jengo moja tu ambalo naweza kusema hili ni la mama."

Sikuwa na jiwe la kumwonyesha, kwa sababu kwenye mawe ya ufunguzi huandikwa majina ya wageni wa heshima, si jina la mkaguzi. Nikamwambia kwamba kuna wasichana wa bweni moja, sasa ni watu wazima wenye watoto wao, walio hai na hawajui kwamba wangekuwa hatarini. Aliitikia kwa kichwa, akajifuta macho.

Ninachoweza kuwaachia wasomaji ni hiki alichonifundisha: usiseme umeona kitu ambacho hukukiona, na kama umeshasema, amka urudi ukakitazame.