Mgahawa wa Kifaransa Nyuma ya Maduka ya Mabati

Mimi ni mtu wa wasiwasi, na katika ukoo wetu hilo halihesabiwi kuwa kasoro. Kijana akitaka kuoa, kabla barua ya posa haijaandikwa, hutumwa mtu akaichunguze familia ya binti: wana ugonjwa gani, wana ugomvi gani, wanaishije na majirani. Kwa miaka mingi mtu huyo amekuwa mimi. Nilifundisha shule ya msingi mpaka nilipostaafu, kwa hiyo najua kumtazama mtu usoni hadi aseme alichokificha.

Safari hii kijana alikuwa wangu. Ni mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea tangu akiwa na miaka minne, na mimi sikujaliwa mwingine. Alishuka Same kufanya kazi ya kupima viwanja, akampata binti muuguzi, akapanda mlimani ninakoishi kuniambia. Nikamuuliza mama wa binti anafanya nini.

"Ana mgahawa, Shangazi. Anapika chakula cha Kifaransa."

"Same?"

"Same hapohapo."

Nikajua kuna jambo. Same naijua tangu nikiwa mwanafunzi. Najua nani ana supu ya mbuzi nzuri pale stendi, na nani anachanganya makande ya jana na ya leo akidhani watu hawaoni. Mfaransa apikiwe Same na mimi nisisikie?

Kesho yake nilishuka bila kumwambia mtu. Niliuliza bodaboda watatu. Wawili walinicheka, wa tatu akanionyesha kichochoro nyuma ya maduka ya mabati. Mwisho wa kichochoro palikuwa na mlango wa bluu na ubao mdogo ulioandikwa kwa chaki. Ndani kulikuwa na meza nne zenye vitambaa vyeupe vilivyopigwa pasi, na mteja hata mmoja hakuna. Ilikuwa saa saba mchana, saa ambayo kwa mama ntilie watu wanagombea viti. Nikajiuliza huyu anampikia nani. Nilitazama hadi chini ya meza.

Mwenyewe alitoka jikoni akijifuta mikono, mwanamke mdogo kwangu kwa miaka michache, Mpare mwenzangu kwa sura na kwa lafudhi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mimi nanunua tangawizi. Nasubiri gari la Hedaru."

Akatabasamu, na tabasamu lile sikulipenda. Hakuniuliza nitakula nini. Alisema tu, "Kaa, nitakupikia."

Aliniletea supu ya vitunguu, juu yake mkate na jibini iliyoungua kidogo. Akanieleza, bila mimi kumuuliza, kwamba alipika miaka ishirini kwenye nyumba ya Wafaransa Dar es Salaam, walipoondoka yeye akarudi kwao Same. Nilikoroga supu nikitafuta kilichojificha chini. Ilikuwa tamu, na utamu wake ukanizidishia wasiwasi. Vitunguu navipika kila siku ya Mungu, havijawahi kunifanyia hivyo. Kisha akaja kuku mweusimweusi, akaniambia amempika kwa mvinyo. Mimi ni Mlutheri, mvinyo naujua wa meza ya Bwana tu.

Halafu akaleta chupa. Aliifuta vumbi, akaifungua taratibu, akamimina kidogo sana kwenye glasi yangu, kama kidole kimoja, akarudi nyuma hatua moja na mikono mgongoni.

"Onja kwanza, dada."

Kwetu anayekupa kinywaji ndiye anayeanza. Mtu akipika dengelua, ile pombe yetu ya miwa, hunywa yeye mbele ya macho yako ndipo akukabidhi kata, ili ujue hakuna alichokuwekea. Hata anayekuchukia hufanya hivyo. Na huyu alisimama pale ananitazama mdomo, anangoja nianze mimi! Nilisema nina presha. Nilimwacha kuku nusu, nikaaga, nikatoka karibu mbio.

Kwenye kikao nilisema wazi kwamba nyumba ile siiamini. Mgahawa hauna wateja, mama anatabasamu ovyo, na kinywaji anataka mgeni aanze. Wazee waliguna. Kijana wangu aliuliza swali moja tu.

"Shangazi, chakula kilikuwa kibaya?"

Nikamwambia hilo silo lililonipeleka. Barua haikuandikwa, naye hakupanda mlimani Jumapili nne mfululizo. Mwishowe baba yangu mdogo, anayeongoza vikao vyetu, alinituma tena. Alisema hawezi kumnyima kijana mke kwa sababu ya glasi moja, na safari hii nimalize chakula.

Nilikuta meza moja ina watu, wazungu wawili, mume na mke, waliokuwa wametoka hifadhini. Niliketi pembeni nikatega macho. Yule mama alileta chupa, akammiminia mwanamume kidogo, akarudi nyuma, mikono mgongoni. Mzungu akaonja, akatikisa kichwa kukubali, ndipo wote wawili wakajaziwa. Walikula, wakacheka, wakaondoka kwa miguu yao. Nilingoja mpaka wakatoka, nikamwita.

"Kwa nini anaanza mgeni?"

Alivuta kiti akakaa. "Kwao mgeni ndiye anaonja. Akiona ni mbaya anairudisha, na mwenyeji hakasiriki. Kwetu ni kinyume, najua. Baba yangu hakumpa mtu dengelua bila kuanza yeye. Nilikumbuka ulipokwisha kutoka, dada. Mikono imezoea ya Dar. Nisamehe."

"Na sisi tulio wanunuzi wa tangawizi unatufungulia chupa wote?"

"Kijana wako akiona asichokijua hukunja uso hivyohivyo. Nilikujua ukiwa mlangoni. Chupa ile niliiweka kwa ajili ya wakwe."

Nilitamani sakafu inimeze. Chupa aliyoitunza kwa ajili yetu mimi niliifanya ionekane sumu mbele ya ukoo mzima. Nikamwambia barua itafika wiki hii, nitaileta mwenyewe. Nilidhani atafurahi, lakini alianza kukunja kitambaa cha meza, akakikunjua, akakikunja tena.

"Na sisi tulituma mtu," alisema. "Dada yangu. Alipita kwako mwezi uliopita, ana kapu. Alikuomba maji."

Nilimkumbuka palepale. Viatu vyake vilikuwa safi mno kwa mtu aliyedai katembea kutoka barabarani, nikaona huyu ana lake. Nilimjibu maji yamekatika. Nyuma yangu bomba lilikuwa linajaza ndoo, na sauti yake aliisikia. Aliagana nami kwa adabu, akaenda kwa jirani, akapewa maji na kigoda na mazungumzo ya mchana mzima.

Sikuwa nimewahi kuuliza swali hili nikiwa upande wa wanaochunguzwa. "Alirudi akasema nini?"

"Alisema kijana ni mwema, binti tumpe." Alikilaza kitambaa mezani. "Ila wasijenge kwako."

Kiwanja kilicho pembeni mwa nyumba yangu nilikiacha kwa ajili ya kijana wangu tangu yuko darasa la pili. Watu wamekiulizia, nimewafukuza wote. Nilimaliza chakula kama nilivyoagizwa, na siku hiyo sikuijua ladha yake.

Mjumbe wa ukoo hasemi nusu. Kwenye kikao nilieleza yote, la mvinyo, la chupa, mpaka la bomba, na nikafikisha sharti lao kwa mdomo wangu. Baba mdogo alikohoa akasema barua iandikwe. Mimi nilikuwa namtazama kijana wangu. Iliniuma kuliko nilivyotarajia, na nilimngoja aseme kitu, aseme shangazi yake si mtu wa namna hiyo, hata kama ni kwa heshima tu.

Alikuwa anatazama mikono yake.

"Tumeshapanga nyumba Same, Shangazi."

"Tangu lini?"

"Kabla hujashuka mara ya kwanza."